Ukiona kijiwe cha kale Kilifi, usikitie mfukoni

Siku hizi simu zimejaa picha za vijiwe, yaani zana za mawe zilizochongwa na watu wa kale, ambavyo watu wamevikuta shambani, kwenye timbo au wakichimba choo, na wengine wanatuletea kabisa sisi wa makumbusho, vimefungwa kwa gazeti. Nia ni njema na tunashukuru, lakini kijiwe kikishatoka ardhini bila kuandikwa kilikuwa wapi, sisi tunabaki na jiwe tu.

Angalia Panga ya Saidi, lile pango la huko Dzitsoni, kama kilomita 15 kutoka baharini. Wataalamu walianza kuchimba 2010 na tabaka zake zinarudi nyuma miaka kama 78,000. Chini kabisa zana ni kubwakubwa, halafu kufika kama miaka 67,000 iliyopita zinaanza kuwa ndogo, zingine unazibana kwa vidole viwili. Sasa kuna wanaosoma habari za Ulaya wanatuuliza hii ni Mesolithiki, yaani kile kipindi cha Ulaya kinachojulikana kwa vijiwe vidogo? Hapana, ile ya Ulaya inahesabiwa baada ya Enzi ya Barafu kuisha, kama miaka 11,700 iliyopita, huku kwetu vijiwe vidogo vilikuwa vimeshazoeleka zamani sana.

Bahari yenyewe watu wa pango walikuwa wanaijua, maana shanga za makombe zimepatikana, ila chakula chao hakikuwa samaki, walikuwa wanawinda msituni na nyikani.

Jiwe lililochongwa na mtu utalijua ukiliweka kwenye mwanga. Chini kidogo ya pale lilipogongwa pana kinundu, na kutoka hapo kuna viduara vinapanuka kama maji ukitupia kokoto, na mgongoni kuna makovu ya vibanzi vilivyotoka kabla yake. Lakini kinundu hakikwambii jiwe ni la lini. Umri tunautoa kwenye udongo, mkaa na mifupa iliyolala pamoja nalo.

Kwenye pango hilohilo, mita 3 chini, alikutwa mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, na wataalamu wakamwita Mtoto. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba bonge zima la udongo lilifunikwa plasta likabebwa hivyo hivyo mpaka Nairobi, baadaye Uhispania. Kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kiliegemezwa kitu kama mto wa kulalia, mto wenyewe ulishaoza. Angetokea mtu akavuta lile fuvu kwa mkono, ule mto tusingeujua milele.

Sasa utaratibu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 inasema kitu cha kale kilicho ardhini ni mali ya serikali, hata kama hati ya shamba ina jina lako, na kitu cha kale kinachohamishika ni kilichotengenezwa kabla ya 1895. Ukikivumbua unatoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali penyewe na ulivyokipata, na kama umeshakitoa unakikabidhi. Kuchimba kutafuta vitu hivi bila leseni ni kosa, kutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na adhabu ni faini au kifungo au vyote viwili. Hatusemi haya kutisha mtu, na hatuji kumnyang'anya mtu shamba. Na wanaodhani tunatafuta dhahabu, hatutafuti, tumeshasema mara nyingi.

Ukikiona, simamisha jembe. Piga picha ya karibu ukiweka sarafu ya shilingi kumi pembeni, halafu rudi nyuma hatua kadhaa upige nyingine inayoonyesha mti au ukuta wa jirani, andika kina cha shimo, rudishia udongo uleule juu yake, na utuite.