Je, wajua kwa nini kompyuta ya kupiga mbizi husema uko chini ya maji ukiwa umetoka tu kwenye ndege?

Ndege imetua Zanzibar, begi limefunguliwa, na kompyuta ya kupiga mbizi, kile kifaa cha mkononi kinachompa mzamiaji kina na dakika anazoweza kukaa chini, inaonyesha kina cha mita 2.5 huku dakika zikihesabiwa. Menyu haifunguki. Wengi huamua pale pale kwamba kifaa kimekufa. Mara nyingi hakijafa, kimepoteza sifuri yake tu, yaani shinikizo la hewa kinaloanzia kuhesabu kina.

Kompyuta hii haipimi kina. Inapima shinikizo, inaondoa shinikizo la hewa ya juu ya maji, kisha inayobaki inaigeuza kuwa mita. Kwenye usawa wa bahari hewa ina milibari 1013 hivi, na kila mita 10 za maji ya chumvi huongeza karibu milibari 1000. Sasa, hewa ya ndani ya ndege ya abiria huachwa ipungue hadi kufanana na ya mlima wa mita 2,400, yaani milibari 750 hivi. Kwenye mizigo hali huwa hiyo hiyo. Kompyuta ikiwaka huko angani, huichukua 750 kuwa ndiyo hewa ya juu ya maji. Ndege ikitua, shinikizo limepanda kwa milibari 250 na ushei, na hesabu yake inatoa mita 2.5. Nyingi huanza kuhesabu mbizi kuanzia mita 1 au 1.5, basi imeshazama ikiwa ndani ya begi.

Nani aliiwasha? Kwa kawaida ni unyevu. Aina nyingi zina vidoti vya chuma vinavyohisi maji, na kaptura mbichi yenye chumvi inatosha kuviunganisha. Au kitufe kimebanwa na viatu. Anayebadilisha betri nyumbani Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, akaiacha inawaka hadi Ukunda kule pwani, anaweza kukuta mita 1.8 kwa sababu hiyo hiyo.

Anza kwa kuikausha vizuri, hasa vile vidoti, kisha iache imezimwa kwa nusu saa. Kompyuta nyingi hupima hewa zenyewe kila baada ya dakika chache hata zikiwa zimezimwa, na hujirekebisha. Iliyokwama ndani ya mbizi huenda isijirekebishe, maana inaamini bado iko majini. Hiyo itahitaji kuzimwa na kuwashwa upya, au kutolewa betri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu chake. Hapa kuna jambo zito: katika baadhi ya kompyuta, kutoa betri kunafuta kumbukumbu ya naitrojeni iliyobaki mwilini mwako, ile gesi ya hewa unayovuta chini ya maji ambayo mwili huitoa polepole baada ya mbizi. Kama ulipiga mbizi jana au leo, usiizime ukaingia majini kana kwamba mwili wako ni safi. Subiri saa 24 kamili, au zaidi kama kitabu chake kinasema hivyo.

Kisha hakiki. Kama ina ukurasa wa shinikizo la hewa, ufungue: pwani inapaswa kusoma karibu 1010. Linganisha na simu yenye kipima hewa, wala si na taarifa ya hali ya hewa. Taarifa hizo hurekebishwa zifanane na usawa wa bahari, kwa hiyo Mwanza zitakuambia 1013 wakati hewa halisi juu ya Ziwa Victoria, mita 1,134, ni kama 885.

Na Mwanza ndiko kosa linakohatarisha. Sifuri iliyochukuliwa ndani ya ndege hukuonyesha kina kikubwa kuliko halisi, na kompyuta inakubana muda; inaudhi, lakini inakosea upande salama. Sifuri ya Dar es Salaam ikitumika ziwani hufanya kinyume. Inapunguza kina kwa mita 1.3 hivi, na inadhani utaibukia kwenye hewa nzito kuliko iliyopo, hivyo inakupa dakika ambazo huna.

Kama shinikizo liko sawa na bado inasumbua, tazama betri. CR2032 au CR2450 mpya husoma zaidi ya volti 3, lakini multimita, kipima umeme, hudanganya betri ikiwa haiendeshi chochote. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri halafu huanguka taa ya kioo ikiwaka. Weka mpya, na badilisha pamoja nayo oringi ya mfuniko, ile pete ya mpira inayozuia maji. Unywele mmoja au punje ya mchanga kwenye mfereji wake inatosha kupitisha maji. Grisi ya silikoni ipakwe nyembamba sana, na isipakwe kabisa kama oringi yenyewe ni ya silikoni, maana huivimbisha. Matundu ya kihisi yakiwa na chumvi iliyoganda, loweka kifaa kwenye maji ya baridi yasiyo na chumvi kwa saa nzima. Usichokoe kwa pini: utando wa kihisi ni mwembamba na hautengenezeki.

Jaribio la mwisho ni kamba yenye alama. Ifunge kompyuta, ishushe mita 5 baharini, ivute, usome kina cha juu kabisa ilichoandika. Kwenye bwawa la kuogelea tarajia pungufu ya asilimia 2 au 3, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi ni mepesi. Ikikosea kwa zaidi ya nusu mita, kodisha nyingine na hii ipeleke kwa fundi.

Wakati wa kurudi, isuuze, ikaushe, izime, iwe kwenye begi la mkononi, na betri za akiba pia, kwani za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo. DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, linashauri usiruke kabla ya saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kusubiri njiani wakati wa kupanda juu, na saa 18 baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa. Ndege ndogo za Cessna Caravan za Mafia na Pemba nazo zimo: hazina kabisa mfumo wa kutunza shinikizo, na zikipanda juu ya mita 600 saa hizo zinahesabika.