Petroli haisafishi laka jamani

Mafundi wenzangu wa Tabora, hasa nyie mnaopiga laka, ile ya kung'arisha mbao, kwenye mninga, hii ya kwamba petroli inasafisha spreya (kifaa cha kupulizia laka) vizuri kuliko thina (dawa ya kuyeyushia laka) tumeirithi tu kwa wakubwa zetu na si kweli. Laka ya nitroselulosi, ile inayokauka chapchap, inayeyuka kwenye asetoni au thina ya laka, petroli na mafuta ya taa haviiyeyushi, vinaifanya ishikane mabonge mabonge yanaenda kuziba nozeli, kile kitundu cha mbele inapotokea laka, ndo maana kesho yake spreya inatema matone. Puliza thina kidogo mpaka itoke safi kama maji, chomoa sindano na nozeli ufute, ila usiloweke spreya nzima usiku kucha, raba za ndani zinavimba. Fanyia nje, mbali na jiko, thina nayo inalipuka.