Je, wajua kwa nini ng'ombe hukonda huku tumbo limejaa?

Mvua zikikata, pikapu za mabua huanza kupandisha kutoka Kahe na Himo kwenda vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Kibosho, Old Moshi na Marangu mlimani Kilimanjaro, zimejazwa hadi dereva haoni nyuma. Huko juu ng'ombe haendi malishoni, huletewa bandani. Huletewa mabua, migomba iliyokatwakatwa kwa panga, na majani yaliyobebwa kichwani kutoka tambarare. Anakula, ubavu wa kushoto unatuna, mwenye mali anakwenda kulala. Wiki kadhaa baadaye mbavu zinahesabika, na maziwa ya jioni hayatoshi chai ya nyumba.

Mwenye mali huyo niliwahi kuwa mimi. Nilikuwa na kipimo kimoja tu: tumbo likijaa, ng'ombe ameshiba. Alipoanza kukonda nikamwongezea migomba. Alipoiacha horini nikasema basi huyu ameshiba kweli, tatizo ni minyoo. Nikamnywesha dawa ya minyoo. Akaendelea kukonda, tumbo likiwa limejaa vilevile. Mwisho nikammwagia ndoo nzima ya pumba kwa mara moja, nikapata ng'ombe aliyekonda na anayeharisha.

Bwana mifugo alipofika hakuuliza nimempa nini. Aliuliza, "Wewe unamlisha nani?" Nikamwambia namlisha ng'ombe. Akacheka. "Hapana, mzee. Unawalisha waliomo ndani. Hao ndio wenye njaa."

Tuanze na ule usemi kwamba ng'ombe ana matumbo manne, ambao nao si sahihi sana. Tumbo ni moja, vyumba ndivyo vinne. Chumba cha kwanza ni kile chenye manyoya manyoya, ambacho kwenye supu tunakiita taulo, na kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa huchukua zaidi ya lita 100. Humo ndani kuna joto la nyuzi 39 hivi, hakuna oksijeni ya maana, na katika kila mililita moja ya maji yake wamo bakteria wanaohesabiwa kwa mabilioni, pamoja na protozoa na kuvu. Mfano wake wa karibu ni pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, lisilokauka wala kuchujwa, ila hili halitoi kilevi. Hutoa asidi, mojawapo ikiwa ileile iliyomo kwenye siki. Asidi hizo hupenya ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu, nazo ndizo humpa ng'ombe takribani asilimia 70 ya nguvu zake.

Kwa hiyo anayemeng'enya majani si yeye. Hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi za bua. Wanacho wapangaji wake.

Sasa chukua msimu wa kahawa. Mibuni imeelemewa na matunda mekundu, umeita vibarua ishirini, lakini hukuandaa chakula cha mchana. Siku ya kwanza wanavumilia. Ya pili wanakuja wanane. Ya tatu kahawa inaozea mtini, na mpita njia anasifu shamba lilivyojaa. Bua kavu ndiyo kahawa hiyo: nguvu zimo, zimefungwa. Vibarua ni bakteria, na chakula chao cha mchana ni naitrojeni, ambayo huipata hasa kwenye protini ya malisho. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya malisho yaliyokaushwa, wanashindwa kuzaana na kazi inadorora. Mabua ya mahindi huwa na 3 hadi 5. Shina la mgomba ndilo halina aibu: zaidi ya asilimia 90 ni maji.

Lakini kwa nini tumbo libaki limejaa? Kwa sababu mlango wa kutokea ni mwembamba. Bua haliruhusiwi kupita mpaka livunjwe, licheuliwe na kutafunwa tena hadi liwe vipande vya milimita chache. Wavunjaji wakipungua, bua linakaa. Ni daladala iliyojaa abiria wasioshuka: ukiitazama kwa nje biashara inakwenda, kumbe konda hajapokea nauli mpya tangu asubuhi. Ng'ombe wangu hakuacha mgomba kwa shibe. Hakuwa na pa kuuweka.

Mfano wa vibarua unaharibika mahali pamoja, na pananifurahisha kuliko ilivyo adabu. Bakteria hao husukumwa na chakula hadi chumba cha nne, chenye asidi kali, na huko ng'ombe huanza kuwameng'enya. Sehemu kubwa ya protini anayoipata ni miili yao. Kumbe naye ni mfugaji: anawalisha, anawapa joto, kisha anawachinja kila siku bila kelele.

Ile ndoo yangu ya pumba nayo ilikuwa kosa la upande wa pili. Wanga mwingi kwa ghafla hutoa asidi haraka kuliko mate yanavyoweza kuipoza, ingawa ng'ombe mkubwa anayecheua vizuri hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, yenye bikaboneti ndani yake. Bibi zetu waliolambisha ng'ombe magadi walikuwa na hoja, maana magadi hupoza asidi. Ila magadi ya huku kaskazini mara nyingi yana floraidi nyingi, na ubora wake hutofautiana gunia kwa gunia, hivyo sithubutu kuyapangia kipimo.

Dawa yangu ilikuwa mashudu ya alizeti kidogo kidogo, na majani ya lukina, mti wa malisho. Lukina ina protini nyingi lakini pia ina sumu, mimosini, hivyo isizidi theluthi hivi ya malisho. Huko Australia sumu hiyo iliwasumbua sana wafugaji, mpaka mtafiti Raymond Jones alipogundua kuwa mbuzi wa Hawaii wanaila bila kudhurika. Siri ilikuwa mpangaji mmoja tumboni mwao. Wakamhamishia kwa ng'ombe wa Australia, nao wakaanza kuila, na mwaka 1992 bakteria huyo akapewa jina, Synergistes jonesii.

Kama wa kwangu anaye mpangaji huyo, sijampima. Nachanganya lukina na nyasi za gwatemala, ananusa, anachambua majani ya lukina yote kwanza, kisha ananitazama.