Mpaka wa Kenya na Tanzania, 1977 hadi 1983: yanayosemwa na yaliyotokea

"Idi Amin ndiye aliyesababisha mpaka ufungwe." Dhana hii imeenea kuliko zote, na tarehe zenyewe zinaikataa. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya Februari 1977. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, miezi 20 baadaye. Ni kweli Amin, mtawala wa Uganda, alichangia kuidhoofisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, umoja wa Kenya, Tanzania na Uganda uliovunjika mwaka 1977: baada ya mapinduzi yake ya Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, hivyo vikao vya marais watatu vikakoma. Lakini kilichofunga mpaka ni ugomvi wa mali. East African Airways, shirika la ndege la pamoja lenye makao makuu Nairobi, lilikuwa limeelemewa na madeni. Mapema 1977 likasimama, na Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Tanzania ikajiona imedhulumiwa. Ikafunga mpaka na kushikilia magari na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa upande wake, mabasi madogo ya watalii yakiwemo.

Utalii ndio unaosahaulika katika kisa hiki. Miaka ile mgeni aliyetaka kuona Serengeti au Ngorongoro alishukia Nairobi, akalala Nairobi, akavuka Namanga kwa gari la kampuni ya Kenya, na sehemu kubwa ya fedha zake ikabaki alikoanzia. Tanzania ilikuwa imeshafungua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro mwaka 1971 ili kubadili hali hiyo.

"Ulikuwa ugomvi wa ujamaa na ubepari tu." Maneno makali yalikuwepo, na Watanzania wengi wa rika lile wanakumbuka Kenya ilivyoitwa nchi ya manyang'au. Hata hivyo Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, na mkataba wa Jumuiya vyote ni vya mwaka 1967. Kwa miaka kumi nchi hizi zilifuata siasa tofauti huku watu na bidhaa wakivuka. Itikadi iliongeza chumvi kwenye kidonda, haikukichimba.

"Hakuna aliyevuka." Wamaasai na Wakurya wana ndugu pande zote mbili, na mstari wa ramani haukuwazuia kuhudhuria misiba ya kwao. Njia za panya zilijaa. Tanzania ilipokumbwa na uhaba mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni na dawa ya meno kutoka Kenya ziliingia kwa magendo, ng'ombe wakienda upande wa pili. Walioumia ni wafanyabiashara halali, pamoja na malori ya Kenya yaliyozoea kupita Tanzania kwenda Zambia.

"Ulifunguliwa kwa sababu Jumuiya ilifufuka." La. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, Moi, Nyerere na Obote walipokutana Arusha na kumaliza hoja ya kugawana mali za Jumuiya iliyovunjika, baada ya usuluhishi wa miaka mingi wa Mswisi Victor Umbricht. Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na mkataba ukatiwa saini Mei 1984. Jumuiya mpya ilisubiri mkataba wa Novemba 1999.

Dhana ya mwisho ni kwamba mwaka 1983 kila kitu kilirudi kama zamani. Namanga ilifunguliwa, Holili na Horohoro pia. Lakini kivuko cha Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, hakikurudishwa kwa watalii. Nyumbu zaidi ya milioni moja huvuka eneo hilo kila mwaka. Mtalii aliye Mara akitaka kuwafuata huzunguka hadi Sirari au Namanga. Wengi hudhani ni kanuni ya kulinda wanyama peke yake. Hoja ya mazingira ipo, na ina uzito, lakini ile ya 1977 ipo pia: kivuko kikifunguliwa, Serengeti itauzwa tena kama safari fupi ya kutokea Nairobi, na hoteli na waongoza watalii wa Arusha watabaki wakitazama magari yakipita. Kwa maoni yangu woga huo una msingi, na kampuni za Kenya zinazodai kivuko kifunguliwe zinapaswa kuujibu kwa mapendekezo ya mgawanyo wa mapato.