Koni ya mshuko: jinsi machimbo ya changarawe yanavyovuta maji ya kisima cha jirani

Aliyewahi kufukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji anaijua kanuni hii. Unachota kwa kata, maji yanapungua, kisha yanarudi polepole kutoka pembeni. Ukichota haraka kuliko yanavyorudi, mchanga unaozunguka nao unakauka, na shimo la mwenzako hatua chache kando linaanza kushuka.

Machimbo ya changarawe hufanya vivyo hivyo, ila kwa pampu zinazonguruma usiku na mchana. Changarawe nyingi nzuri hulala kwenye mabonde ya mito, chini ya usawa wa maji ya ardhini, kwa hiyo anayetaka kuchimba pakavu hana budi kuyatoa maji kwanza. Usawa wa maji hushuka sana shimoni, na mshuko hupungua kadiri unavyosogea mbali, mpaka mahali ambapo maji hayajaguswa. Ukiuchora kwa ubavuni unapata umbo la faneli. Hiyo ndiyo koni ya mshuko.

Kubashiri itafika wapi kunaanzia kwa Henry Darcy, mhandisi wa Dijon, Ufaransa. Mwaka 1856 alionyesha kwamba kasi ya maji mchangani hufuata vitu viwili: mteremko wa usawa wa maji, na upitishaji wa mchanga wenyewe, yaani jinsi unavyopitisha maji kwa urahisi. Wahandisi wana hesabu ya haraka, ya Sichardt: zidisha 3,000 kwa mita za mshuko, kisha kwa kipeuo cha pili cha upitishaji, ukiupima kwa mita kwa sekunde. Shusha maji mita 4 kwenye changarawe yenye upitishaji wa 0.001, koni inafika kama mita 380. Upitishaji ukiwa 0.0001, inaishia mita 120.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Mita za mshuko mchimbaji anazipanga mwenyewe, lakini upitishaji hubadilika mara kumi au zaidi kutoka tabaka moja hadi jingine ndani ya shimo lilelile. Ndiyo maana siridhiki na ripoti inayompa mwanakijiji namba moja tu. Aulize imepatikanaje. Njia ya kuaminika ni jaribio la kupampu: kisima kimoja kinapampuliwa, vingine vya jirani vinapimwa vinavyoshuka saa baada ya saa. Mwaka 1935 Charles Theis wa Marekani alitoa mlinganyo unaoingiza muda, kwa sababu koni hukua kila siku pampu inapofanya kazi. Hesabu ya Sichardt haijui muda, haijui mvua, wala haijui mto ulio karibu, ambao unaweza kuilisha koni na kuizuia isiende mbali. Kwa hayo hutumika modeli za kompyuta zinazoligawa bonde katika vyumba vidogo, kama MODFLOW ya idara ya jiolojia ya Marekani.

Halafu kuna kisima chenyewe. Mshuko wa mita 1.5 haukisumbui kisima chenye mita 20 za maji juu ya pampu. Kisima cha kuchimba kwa mkono chenye mita 2 za maji, mshuko huohuo unakiachia nusu mita ya tope na maji.

Kando ya mto South Platte, kaskazini mwa Denver huko Colorado, machimbo mengi huzungushiwa ukuta wa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi, unaoshuka hadi kwenye mwamba, ili shimo likauke bila kunyonya maji ya jirani. Koni inazuiwa, lakini maji yanayoteremka na bonde hugonga ukuta: upande wa juu yanapanda, upande wa chini yanashuka. Basi hata shimo lililozibwa vizuri lina jirani wa kumhesabia.

Ubashiri wowote unahitaji vipimo vya kabla, na hapo mwenye kisima hamhitaji mtaalamu. Funga uzito kwenye kamba, weka alama ya kudumu ukingoni, andika tarehe na kina, masika na kiangazi, walau mwaka mzima kabla machimbo hayajaanza kupampu. Pima alfajiri, kabla hujawasha pampu yako, maana nayo inachimba koni yake.