Pumzi Unayo, Miguu Bado: Kutoka Mpira Hadi Mbio Ndefu

Pumzi ndiyo humponza mchezaji wa mpira anapoingia mbio ndefu. Siku ya kwanza katika msitu wa Karura, Nairobi, anapiga kilomita 10 bila kuhema sana, kesho yake anarudia, na wiki ya tatu anachechemea. Moyo na mapafu huzoea kazi kwa wiki chache. Kano na mifupa hudai miezi.

Kweli, mechi ni dakika 90. Lakini pale unakimbia kwa vipande, juu ya nyasi: unachomoka, unatembea, unageuka, unasubiri mpira wa kurusha. Mbio ndefu ni hatua ileile, 160 hadi 180 kwa dakika, kila moja ikitua kwa uzito mara mbili hadi tatu ya wako. Mwendesha baiskeli namhofia zaidi: mapaja anayo, ila mchezo wake haujamzoesha kishindo. Muogeleaji vivyo hivyo.

Anza na siku tatu kwa wiki, zisizofuatana. Kimbia dakika 3, tembea 2, mara sita. Wiki ya pili kimbia 4, ya tatu 5, ya nne rudi 3 mwili upumue. Kasi iwe ya kupiga soga. Ukikatika katikati ya sentensi, punguza. Saa ya mkononi isikutie presha, hasa ukitoka Mombasa: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kasi hushuka. Mechi ya Jumapili ni zoezi zito, kwa hiyo Jumatatu usikimbie. Vilima na kasi vingoje hadi umalize dakika 30 mfululizo bila maumivu, wiki kadhaa.

Vigimbi ndivyo hupuuzwa kuliko vyote. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, kisigino kikining'inia. Panda ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Fanya mara 12, seti tatu, goti likiwa limenyooka. Kisha rudia likiwa limekunjwa kidogo, maana hapo ndipo msuli wa ndani, unaofanya kazi kubwa katika mbio za polepole, unapobanwa sawasawa.

Barabara za lami huinama pembeni ili maji yatiririke. Ukikimbilia upande uleule kila siku, mguu mmoja hutua chini kuliko mwenzake. Njia za udongo za Karura ni afadhali, ingawa baada ya mvua huteleza.

Kuhusu raba za mtumba za masoko ya Gikomba au Toi, usidanganywe na usafi wa juu. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo isiyorudi, iache. Iweke mezani, itazame kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande mmoja kitaulaza na mguu wako. Njumu zibaki uwanjani.

Muundi ukiuma, pitisha kidole ukingo wake wa ndani. Maumivu yaliyotandaa eneo la upana wa kiganja, na yanayopungua mwili ukipata joto, yanataka upunguze mbio nusu kwa wiki moja au mbili. Yakiwa nukta moja juu ya mfupa, yanayochoma ukiruka kwa mguu huo au ukilala usiku, acha kukimbia leo hii umwone daktari. Ufa mdogo wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya mapema, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi barabarani.