Kulia Si Kukosa Imani

Nimekaa matanga mengi, nimekaa pia kando ya vitanda vya wagonjwa. Kinachoniuma ni maneno tunayowapa wenye majonzi tukiamini yametoka kwenye Biblia.

"Usilie, kulia ni kukosa imani." Hili ndilo linaloumiza kuliko yote. Yesu alijua kwamba anakwenda kumfufua Lazaro, na bado, akiwa njiani kwenda kaburini, "akalia machozi" (Yohana 11:35). Kati ya zaburi 150, nyingi ni maombolezo. Karibu zote hugeuka mwishoni zikawa sifa, isipokuwa chache kama ya 88, ambayo inaishia gizani.

Kuna mama aliyefiwa na mwanawe. Wiki nzima watu walimwimbia nyimbo za ushindi, naye akawa ametulia tu, macho makavu. Nikamsomea Zaburi ya 88, polepole. Nilipomaliza akanishika mkono: "Kumbe na hii imo? Hebu rudia." Nikarudia. Akalia sana, kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akasema tuombe. Maana hata mtunzi wa zaburi ile, pamoja na giza lake lote, anamwita Mungu tangu mstari wa kwanza: Mungu wa wokovu wangu. Analalamika, lakini kwa Mungu mwenyewe. Kwangu mimi, hilo ni tumaini tayari.

"Mungu hakupi mzigo usiouweza." Andiko linalotegemewa hapa, 1 Wakorintho 10:13, linazungumzia kujaribiwa, na linaahidi mlango wa kutokea. Halisemi kwamba hutaelemewa. Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho haohao: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi" (2 Wakorintho 1:8). Anaendelea kusema sababu: wasijitumainie nafsi zao, bali Mungu afufuaye wafu. Kwa hiyo ukimwambia mtu aliyechoka kwamba ataweza tu, unamrudisha kwenye nguvu zake mwenyewe, na hizo ndizo zilizokwisha.

"Lazima kuna dhambi mahali." Wanafunzi waliuliza hivyohivyo kuhusu yule kipofu, na Yesu akakataa: si yeye, wala si wazazi wake (Yohana 9:3). Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Laiti wangeishia hapo! Walipoanza kumtafutia kosa, Mungu aliwakasirikia.

"Mwenye imani hahitaji daktari wala mshauri." Luka, mwandishi wa Injili, alikuwa tabibu. Nabii Eliya alipoomba afe, chini ya mti uitwao mretemu, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale na anywe, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili.

Halafu kuna Yeremia 29:11, ule mstari ambao Mungu anasema anawawazia watu wake mawazo ya amani. Tunausoma kana kwamba mambo yatanyooka mwezi ujao. Uliandikwa kwenye barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli, na mstari unaoutangulia unataja miaka 70. Watu wazima wengi waliosomewa barua ile hawakurudi kwao kamwe. Hao ndio walioambiwa wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uleule waliopelekwa mateka.